Sakafu ya Majivu ya Betri

Mavi mabichi ya ng'ombe yakichanganywa na majivu ya betri za malori hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, na sitaki kuikuta tena. Kwanza unasikia malisho, majani yaliyotafunwa yakalainika, harufu ambayo mtoto yeyote aliyelelewa katika nyumba ya udongo anaijua na kuipenda. Chini yake kuna nyingine, kavu, inayokwama kooni na kuacha ladha ya sarafu iliyokaa mdomoni. Hiyo ndiyo Krismasi niliyoijua nikiwa darasa la tatu, nyumbani kwetu Malaba, upande wa chini wa reli. Wenzangu wakizungumzia Krismasi zao za utotoni hutaja chapati na nguo mpya. Mimi nakumbuka sakafu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikipandisha sauti hapa na pale.

Boma letu lilikuwa kati ya reli na mto. Usiku na mchana tulisikia malori yaliyopanga foleni kwenda Uganda yakinguruma bila kwenda popote. Lori likikaa foleni muda mrefu betri yake hufa, dereva hununua nyingine, na ile iliyokufa huiacha palepale. Malaba ilijaa betri mbovu, zimerundikwa mbele ya gereji, zimegeuzwa viti na wauza njugu. Mtu fulani mwenye fedha zake, ambaye hatukuwahi kuiona sura yake, aliona kwamba hapo kuna mali. Akajenga kiwanda. Tulikiita kiwanda kwa heshima tu, maana kilikuwa ua wa mabati, tanuri mbili, bomba la moshi lililozidiwa urefu na mpapai wetu, na banda la kuvunjia betri. Wanaume walizipasua kwa shoka, asidi wakaimwaga kwenye mtaro ulioteremka mtoni, kisha wakatoa zile sahani za risasi zilizomo ndani, nina maana ile metali nzito ya kijivu, wakazitupa tanurini ziyeyuke. Zilitoka zikiwa vipande vyenye umbo la tofali, vikapakiwa kwenda Mombasa na kutoka hapo ng'ambo, kuwa betri mpya za watu wengine. Baba alikuwa mmoja wa wenye shoka. Kabla ya hapo alikuwa akibeba magunia ya mahindi mpakani, kazi ya leo ipo kesho haipo, na siku alipoajiriwa mama alichinja kuku.

Sasa lazima nieleze habari ya kusiriba, la sivyo mtatuona wajinga, na neno hilo nimelisikia vya kutosha. Kwetu, Desemba ikiingia, kila mwanamke hutengeneza nyumba yake upya. Anaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu, anasiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, kisha anachora ukuta wa nje kwa rangi: nyekundu ya udongo wa barabarani, nyeupe ya udongo wa kufinyangia wa mtoni, na nyeusi. Hiyo nyeusi ndiyo iliyokuwa shida kuipata. Masizi ya sufuria hufifia mvua ikipiga mara moja. Kwa hiyo tangu nyanya zetu waanze kumiliki redio, wanawake walikuwa wakiweka betri zake zilizokwisha, wanazigonga kwa jiwe, wanatoa ule unga mweusi wa ndani, na kuukoroga na mavi. Shuleni pia walimu waliutumia kupaka ubao. Ulishika vizuri, ulifukuza viroboto, na haukumuua mtu tuliyemjua. Tatizo ni kwamba betri ya redio ni ndogo, ukizigonga za mwaka mzima unapata kikombe kimoja. Mama yangu, ambaye kwa kusiriba hakuwa na mpinzani kuanzia relini hadi mtoni, alikuwa akilala akiota unga mweusi.

Ndipo meneja wa kile kiwanda alipotugawia majivu. Nyuma ya tanuri yalikuwa yamerundikana kama kilima, meusi, laini kuliko unga wa ugali, yakipeperuka kila upepo ukivuma. Kuyasafirisha na kuyazika inavyotakiwa kungemgharimu tajiri wake. Kuwapa wanawake wa Malaba hakukugharimu kitu. Wiki ile shule zilipofungwa aliwatuma wafanyakazi watangaze, na asubuhi tukapanga foleni langoni, kinamama na makarai yao, mabinti na ndoo zao. Nilikuwa nimeshika beseni letu la kufulia. Meneja alisimama pembeni, kitambaa cheupe kimefunika pua na mdomo, akatoa sauti kupitia hicho kitambaa: "Chukueni, mama zangu, chukueni. Hii ni bure. Krismasi njema kutoka kwa kampuni."

Jirani yetu aliuliza kama majivu hayo ni sawa na ule unga wa betri za redio. Alijibu mara moja, hata hakufikiri: "Betri ni betri, mama. Hii ni ile ile, tena ni mob, hamtaimaliza."

Kinamama walipiga vigelegele. Nataka mlione hilo: walimpigia vigelegele. Wakamwombea baraka kwa Mungu, na mmoja alimletea jogoo. Yule mtu alimpokea jogoo.

Kuna jambo jingine nililokuwa nikiliona kila jioni nikipeleka mbuzi, wala sikulielewa. Meneja akitoka kazini alisimama langoni, akavua viatu, akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akavaa vingine safi, ndipo akaingia garini. Nilidhani ni maringo ya watu wa mjini. Baba alitembea hadi nyumbani na viatu vyake vya kazi, akaingia navyo, akamnyanyua mdogo wangu na kumkumbatia kwenye shati lile lile alilovunjia betri. Mtu anayevua viatu ili asichafue zulia la gari anajua alichokanyaga. Alijua. Nimepewa visingizio vingi tangu wakati huo, eti elimu ilikuwa chini, eti sheria zilikuwa hazijakaa sawa, na kila nikivisikia naona vile viatu ndani ya mfuko.

Sakafu ya mama ilitoka vizuri mno. Alisiriba mara tatu, akiacha ikauke, akaisugua kwa jiwe la mtoni hadi ikang'aa na kuteleza chini ya nyayo. Watu walikuja kuiangalia. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, katika nyumba ya udongo, jambo ambalo mama hakuwa amelipata maishani. "Mama Amoit, hii si nyumba, hii ni hoteli," walisema, na mama akajifanya haoni cha ajabu huku akiyafagia makombo ambayo hayakuwepo. Usiku tulilala juu yake, mimi na mdogo wangu, mkeka mmoja, kwa sababu ilikuwa na ubaridi mtamu wakati wa joto.

Mdogo wangu ndiye huyo Amoit. Alikuwa hajafikisha miaka mitatu na alikuwa msemaji kupita kiasi. Aliongea na kuku, aliongea na mlango, aliongea usingizini. Alijua Kiteso cha nyumbani, Kiswahili cha foleni na maneno ya Kiganda aliyoyaokota kwa wauza ndizi, na alivichanganya vyote katika sentensi moja bila haya. Alisimama kwenye ua wetu na kuwapigia kelele madereva, "Boss! Boss, leta biskuti!" na madereva, ambao wengi wao walikuwa wameacha watoto mbali, walizileta. Baba alisema huyu atakuwa wakili. Mama alisema atakuwa mwuzaji, maana wakili hapati biskuti. Mchana kutwa Amoit alikaa kwenye sakafu ile, akichora kwa kidole, kisha akikitia kidole mdomoni. Risasi ina utamu fulani. Mtoto akishaonja hurudi tena, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu mtoto gani wa kwetu hajalamba udongo?

Krismasi ilipita. Mvua za kwanza zilipoanza Amoit alikuwa ameacha kuomba biskuti. Tumbo lilimkata, akajikunja, akakataa uji, akawa analia kwa hasira kisha ananyamaza ghafla na kutazama ukuta. Maneno yakaanza kumpotea moja moja. Kwanza Kiganda kilikwenda, tukacheka, tukasema amesahau marafiki zake. Halafu likapotea jina langu. Aliniangalia, mdomo ukafunguka, akatafuta, akakosa, na akapiga kichwa chake kwa mkono. Baadaye akaanza kushikwa na degedege, macho yamegeuka, mwili umekaza kama kuni. Walisema ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Walisema ni malaria ya kichwa, akadungwa. Walisema ni jicho la mtu aliyeonea wivu ile sakafu, na mama aliamini hilo kuliko yote, kwa sababu sakafu kweli ilionewa wivu.

Hapa ndipo ninapotaka kuvunja kitu. Mgonjwa kwetu hulazwa mahali safi. Ukimlaza kwenye uchafu watu watasema humpendi. Kwa hiyo mama, kila Jumamosi, alimtoa mtoto nje, akamlaza kivulini, akachukua karai na kusiriba nyumba upya. Kadiri Amoit alivyozidi kuumwa, ndivyo mama alivyozidi kusiriba. Majivu yakiisha nilitumwa kiwandani na beseni, na mlinzi alinijazia akinipa pole ya mgonjwa. Mama yangu alikuwa akimtibu mwanawe kwa mikono yake miwili, kwa bidii, kwa upendo wote aliokuwa nao, na kila alipopitisha kiganja sakafuni alikuwa akimwongezea sumu. Atakayemwita mjinga aje aniambie mimi usoni. Alifanya kazi aliyofundishwa na mama yake, kwa unga aliopewa na mtu aliyejua.

Mwishowe baba alimbeba hadi hospitali upande wa Alupe, nasi tukafuata. Tulimkuta muuguzi mmoja, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, ambaye badala ya kuuliza mtoto amekula nini alimtazama baba mikono.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Navunja betri, sista. Pale Malaba."

"Na nguo za kazi unafulia wapi?"

"Si ni nyumbani tu, sista."

Alitoa damu ya Amoit na kuituma Nairobi. Majibu yalichukua muda mrefu kurudi, na mama akaendelea kusiriba. Yaliporudi, muuguzi alikuja mwenyewe kwa bodaboda. Alisimama mlangoni, akaiona ile sakafu inayong'aa, na mama, kwa mazoea, akangoja asifiwe. Muuguzi aliinama, akaigusa kwa kidole. Kisha akauliza mmetumia nini kusiriba, mama akamwonyesha beseni. Alimshika mama mkono na kumtoa nje, akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, kwamba damu ya mtoto imejaa risasi, na risasi imetoka humo, imepanda kichwani. Mama aliuliza dawa. Muuguzi alisema ipo ya kupunguza iliyo kwenye damu, na ataitafuta. "Lakini ile imeshaharibika kwa kichwa, mama, hiyo hairudi. Sitakudanganya." Nilimchukia kwa kusema hivyo. Leo najua kwamba katika mambo hayo yote ni yeye peke yake aliyetuambia ukweli.

Mama aliingia ndani, akatoa mikeka, sufuria na picha ya Bikira Maria, akachukua jembe akaanza kulima nyumba yake. Ndiyo, alilima. Lilikuwa jua la mchana na watu walisimama kwenye ua wakitazama. Ile sakafu aliyoisugua kwa jiwe ilipasuka vipande kama ukoko wa sufuria, na vumbi likapanda hadi paani. Muuguzi alimpigia kelele afunge pua, anyunyize maji, na mama hakusikia. Alipomaliza, kulikuwa na rundo jeusi katikati ya nyumba, na akauliza: sasa hii niitupe wapi? Shambani tutakula. Mtoni tutakunywa. Barabarani watoto wa wengine watachezea. Muuguzi naye hakujua. Nchi nzima, nafikiri, haikuwa na mahali pa kutupa sakafu ya mama.

Akalijaza karai, akajitwika, akaenda kiwandani. Mimi nilibeba beseni, jirani yetu akabeba ndoo, na mwanamke mwingine wa tatu akaja na karai lake, analia. Wengine hawakuja. Waume zao walikuwa na kazi pale, na sikuwalaumu wakati huo wala siwalaumu sasa. Mama alipofika langoni alimwaga lote, mbele kabisa, mahali ambapo meneja alizoea kubadilishia viatu. Meneja alitoka.

"Wewe mama! Unachafua hapa!"

"Nimekurudishia Krismasi yako," mama alisema.

"Hii ni mali ya kampuni. Nitaita polisi."

"Ita. Waambie nimewaletea nyinyi majivu yenu, na nyinyi mniletee mtoto wangu."

Polisi waliitwa, wakaja, na mama ndiye waliyempandisha garini. Walimwachilia jioni. Kesho yake baba aliambiwa asirudi kazini, na chifu alitutembelea na kifuko cha sukari na blanketi, salamu za kampuni, akatushauri tusipayuke ovyo maana wawekezaji ni watu wa kuoga. Alikusudia kusema waoga, ulimi ulimponyoka, na hakuna aliyecheka. Blanketi mama alilitupa uani likalaliwa na mbuzi. Kiwanda kiliendelea kufuka moshi hadi kilipomaliza betri za karibu, kisha kikang'olewa, mabati na tanuri vikapakiwa kwenye lori, na asubuhi moja hakikuwepo. Hakuna aliyeshtakiwa. Pale kiliposimama sasa ni maegesho ya malori na vibanda vya chakula, na nyasi hazioti karibu na ule mtaro.

Mimi nilikua. Nina duka la vifaa vya ujenzi Bumala, na saruji ya nyumba ya mama ilitoka dukani kwangu. Anaipiga deki kila siku na hajawahi kuisifu. Amoit ni mwanamke mzima sasa, mrefu kuliko mimi, ana afya ya mwili inayowashangaza watu. Ana maneno machache, yote ya Kiteso. Hawezi kuachwa karibu na moto wala barabarani. Anapenda watu wengi, anapenda muziki wa mazishi na wa harusi bila kubagua, na anapenda kufanya kile ambacho wengine wanafanya: wakipiga makofi anapiga, wakiinama kuomba anainama. Mama amezeeka kwa kumfuata nyuma. Usiku mama huniuliza kwa simu nani atamfuata akifa yeye, nami humjibu ni mimi.

Majuzi wamekuja wengine. Kiwanda cha kisasa, wanasema, cha kuyeyusha betri za magari, za pikipiki na za sola, mara kumi ya kile cha zamani. Zamani hatukuulizwa, tulipewa tu. Siku hizi kuna sheria, wananchi lazima waulizwe, na kwa hiyo waliweka mahema kwenye uwanja wa shule, wakaleta viti, mkate na soda, na kijana mwenye koti linalong'aa akatusomea mambo mazuri kwa kipaza sauti. Nilisimama nikasema niliyoyaandika hapa, kwa ufupi, nikiwa nalia kwa hasira. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha kipaza sauti kikachukuliwa, na kijana akasema teknolojia imebadilika, madam, na wanaounga mkono kiwanda wanyooshe mikono juu. Mikono ilinyanyuka kote kwenye hema, vijana wasio na kazi, wana wa wale wale waliopiga shoka na baba. Na kati yangu na mama, soda mkono mmoja, akicheka kwa furaha ya kuwa miongoni mwa watu, Amoit akanyoosha wake.

Mama aliuvuta chini. Amoit ana nguvu kutushinda sote wawili, akaunyoosha tena, juu zaidi. Kijana alikuwa akipita kati ya viti akihesabu kwa kidole, na alipofika kwetu nilimwambia, "Huyu usimhesabu. Huyu haelewi. Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia habari zake."

Alimtazama Amoit, akatabasamu kwa heshima zote.

"Hata yeye ako na haki yake, madam," alisema, akamhesabu, akasonga mbele.